Naomba Andazi Tu

Suruali yangu ya kaki niliinunua mwezi wa Februari. Kufikia Juni mshipi ulikuwa umesogea tundu moja, Agosti likafuata la pili, na sasa nimetoboa tundu langu mwenyewe kwa msumari, karibu kabisa na ncha, kwa sababu aliyeutengeneza mshipi ule hakuwazia kwamba mtu anaweza kuoa mwokaji wa keki.

Watu hunionea wivu. "Daktari, wewe unakula vizuri," huniambia wakija dukani. Udaktari wenyewe ni wa heshima tu. Nina agroveti hapa Sigor, na kwetu mtu akisimama nyuma ya kaunta yenye dawa ya kupe basi keshahitimu. Huwa nawajibu, "Karibuni nyumbani," nikitarajia watakuja wanisaidie kula. Hawaji. Wanafikiri naringa.

Tuelewane kwanza mahali tulipo. Mtu wa nje akisikia Bomet anaona vilima vya kijani na wachumaji wenye vikapu mgongoni. Hiyo chai ipo, lakini ipo juu kule, Konoin, Bomet mjini na kuendelea hadi Kericho. Sigor iko Chepalungu, upande wa chini penye joto, na sisi ni watu wa mahindi, viazi vitamu na ng'ombe. Mlo wetu unajulikana: kimyet, yaani ugali, mboga ya isagek, nyama ikiwepo, kisha kibuyu cha mursik kinazunguka, mnajipangusa midomo, mnalala. Hakuna aliyewahi kuamka usiku akisema, "Ile shughuli ya leo ilikosa kitindamlo."

Kitindamlo. Neno lenyewe linasema ni kitu cha kuutinda mlo, kuukata uishe. Kwangu halikati kitu. Naamka nalo, nashinda nalo, na ugali ukija saa mbili usiku unakuta nafasi imeshakaliwa.

Mama Watoto alikuwa mwokaji katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Corona ilipofunga mahoteli mwezi wa Machi 2020, alirudi nyumbani na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na vibati, visu virefu visivyokata nyama, mifuko ya kuchorea krimu, na kipimajoto ambacho siku ya kwanza nilidhani ni cha ng'ombe. Nilifurahi: mke amerudi nyumbani, na watoto watakula keki mara moja kwa mwezi. Sikujua amerudi na neno moja baya zaidi ya vibati vyote, nalo ni msimu.

Ulaya, anavyonieleza, majani ya miti yakianza kupukutika wapishi wa vitamu hubadilisha orodha nzima. Stroberi zinaondoka, maboga na matufaha yanaingia, na wateja wanakuja mbio kuona kilichobadilika. Nikamwambia sisi tuko karibu na ikweta, jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu Januari, na Julai halibadili sana nia. Miti yetu ikipukutisha majani ujue mbuzi amepanda. Msimu gani anaoutafuta?

Akanitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mkulima anayetaka dawa ya minyoo ya ng'ombe kumi kwa bei ya mmoja.

"Baba Watoto, wewe duka lako linaishi kwa nini kama si misimu?"

Hapo alinipata. Kweli, Machi ni mbegu na mbolea. Mvua ikikolea ni kupe. Mahindi yakifika magotini ni kiwavijeshi, yule mgeni aliyeingia Kenya 2017 akakataa kuondoka. Kuku ni chanjo. Lakini misimu yangu ina adabu: kila mmoja una chupa, na nyuma ya chupa pameandikwa usinywe.

Basi tukaanza na masika. Kule Kericho watafiti wa chai walitoa mwaka 2011 aina ya mche unaoitwa TRFK 306, wenye majani ya zambarau yakiwa bado shambani. Mama Watoto aliipata chai yake, akaichemsha, akaigandisha kwenye vikombe vya kioo juu ya keki nyembamba. Kisha akamwita kila mtu mezani, akadondoshea maji ya limau. Ile zambarau ikageuka waridi mbele ya macho yetu. Watoto wakapiga kelele. Mimi niliyesoma Kemia hadi kidato cha nne najua hiyo ni asidi tu inafanya kazi yake, lakini nilipiga makofi kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

"Unaonaje?"

Mwenzangu usiyeoa mwokaji, hujui uzito wa swali hili. Siku za kwanza nilikuwa nasema, "Nzuri." Siku hizi "nzuri" imepigwa marufuku. Ana daftari jeusi, na anasema "nzuri" haiandikiki. Anataka nimwambie kama uchachu unatangulia au unafuata, kama utamu unakaa ulimini au unakwenda zake, kama kuna kitu "kinavunjika" mdomoni. Nilipojaribu kusema kwamba meno yangu ya nyuma ndiyo yamevunjika na nina miadi Bomet, aliandika hilo pia. Wiki nzima nilionja vikombe kumi na vinne. Usiku sikulala, maana chai ni chai hata ikivaa zambarau.

Msimu wa pili ulinigusa mfukoni. Sisi na mahindi tuna historia. Septemba 2011, ule ugonjwa uliokausha mashamba kwa ekari na ekari ulitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza hapahapa Bomet, upande wa Longisa, na wakulima walikuja dukani kwangu na majani ya njano mikononi kama watu walioleta picha ya mgonjwa. Sikuwa na dawa, wala haikuwepo. Tangu wakati ule, mimi mhindi ukibeba nauhesabu. Nikijua shamba litatoa magunia kumi na mawili, huwa nimeshayauza kichwani, nimelipa karo, na nimebaki na deni dogo.

Asubuhi moja ya Julai nikakuta mistari miwili mitupu. Nikadhani ni nyani. Nikafuata maganda njiani, nikiwa na rungu, hadi mlangoni kwa jikoni yangu mwenyewe. Mabichi arobaini yalikuwa yamekunwa, yamechujwa, yamechanganywa na tui na iliki, jambo alilojifunza kwa mpishi mmoja wa Mombasa aliyefanya naye kazi, na yalikuwa ndani ya oveni yakinukia hadi barabarani.

"Haya ni ya msimu," akaniambia.

"Haya ni ya karo," nikamwambia.

Nilikula vipande vitatu. Sikumpa jibu lolote la daftari, nilikuwa nimenuna. Lakini baadaye niliona ameandika: "Amekula vitatu akiwa amekasirika." Inaonekana hiyo ndiyo alama ya juu kabisa.

Nije kwa mursik, na hapa naomba wazee wa ukoo wanivumilie.

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakakaa siku kadhaa, yakatoka mazito, machachu, yenye chembe za kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo tunayowanywesha wanariadha wetu uwanja wa ndege wakirudi na medali, kamera zikiwaka. Si kinywaji cha kuchezea.

Mke wangu aliichezea. Aliichuja, akaichapa na krimu na asali, akaigandisha kwenye friji hadi ikawa kama theluji ya kijivu, kisha akasaga mkaa wa senetwet ukawa vumbi, akalinyunyiza juu kwa kichujio kidogo. Akapanga sahani sita nyeupe. Kila sahani ilikuwa na donge moja la kutoshea kijiko cha dawa, na unyoya wa asali pembeni.

Siku hiyo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Watoto humwita Kogo, nyanya, na sote tumefuata mkumbo. Kogo ana miaka inayokaribia themanini, meno yake yote ni yake, na kibuyu chake hakijawahi kuharibikiwa maziwa. Tukamwekea sahani. Akaiangalia. Akaizungusha. Akaangalia chini ya meza, nadhani kuona kama chakula kingine kimeanguka.

"Hii ni nini?"

"Mursik, Kogo," Mama Watoto akajibu kwa adabu zote, mikono ameikunja mbele.

"Imekufa na nini?"

Nilikohoa. Nilitazama dirishani. Kogo akachukua kijiko, akaonja, akafumba macho. Baridi ile ilimpanda hadi utosini. Nilimwona akishika paji la uso. Akakaa kimya muda ambao mkulima mwepesi angeweza kukamua ng'ombe mmoja. Kisha akasema kwa Kikipsigis maneno ambayo kwa Kiswahili yanakuwa hivi: senetwet ni nzuri, aliyesugua kibuyu anajua kazi, lakini ni nani aliyekosana na haya maziwa hata yakafungiwa kwenye barafu?

Mama Watoto aliandika yote. Halafu, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, Kogo akaomba ya pili, akaomba na yangu, na kabla ya kuondoka akasema "kongoi" kwa mke wangu mara mbili. Mimi mwanawe niliyemlipia nauli ya kuja nilipata mara moja.

Wakati huohuo biashara yangu ilikuwa inaliwa kidogokidogo. Usiku mmoja jirani alinigongea, ng'ombe wake amevimba tumbo kwa gesi, amelala, anakoroma. Kwenye rafu nina kopo la magadi ya kuokea, maana ng'ombe na keki wana dawa moja, ajabu ya Mungu. Nikalifungua. Tupu, limepanguswa hata kwenye kona. Nikakimbia jikoni.

"Magadi yangu yako wapi?"

"Yamo kwenye oveni," akasema bila kugeuka. "Zimebaki dakika kumi na tano."

Nikachukua mafuta yake ya kupikia, nusu lita, nikakimbia nayo. Mafuta hayo huvunja lile povu tumboni, na ng'ombe akainuka kabla ya jogoo wa kwanza. Asubuhi jirani akatuletea maziwa ya shukrani. Nilikuwa nimeshatia kikombe, nimeshatafuta majani ya chai. Nikageuka kuchukua sukari, niliporudi maziwa yalikuwa sufuriani na viini vya mayai manane, anayakoroga taratibu.

Kuhusu keki aliyoiita ya bonasi sitasema mengi. Aliwalenga wakulima wa chai wanapolipwa bonasi yao ya mwaka, Septemba kwenda Oktoba, wakishuka mnadani Sigor. Bonasi ya upande wetu wa Bonde la Ufa imezoea kuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, basi na keki ikabidi iwe ndogo. Walionunua walisema imewakumbusha.

Desemba ndiyo iliyonimaliza. Desemba kwetu ni koito, siku ambayo ukoo wa kijana unakwenda kwa ukoo wa msichana kukamilisha mambo ya ng'ombe, na siku hizi hakuna koito bila keki. Zamani wazee walihesabu ng'ombe wakamaliza. Sasa wakishahesabu ng'ombe wanahesabu ghorofa. Mama Watoto alipokea agizo la ghorofa tatu la kupeleka Kaboson, akaliita la msimu, lenye viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karakara na krimu. Mvua, ambayo Desemba ilitakiwa iwe imekwenda kwao, ilikuwa imelala Sigor.

Gari tulilokodi likakataa kushuka kwenye tope. Bodaboda mbili zikapatikana. Mama Watoto akapanda ya mbele na ghorofa ya juu na ya kati. Mimi nikapewa ya chini, iliyo kubwa, ndani ya sanduku la baridi alilonunua mwenyewe. Alilichagua la buluu, na kwa bahati mbaya ni pacha kabisa wa sanduku langu la chanjo ya kuku.

Nililikumbatia kama mtoto mchanga. Kila shimo nilipanda mimi, sanduku halikupanda. Tulipofika njia panda ya mwisho nikasikia mtu akiita, "Daktari!" Nikapunga mkono. Nikasikia mwingine. Nilipogeuka, nyuma ya pikipiki kulikuwa na akina mama watano wakikimbia, kila mmoja na kuku wawili kwapani, na watoto wakitangulia na jogoo.

"Si chanjo," nikasema. "Ni keki."

"Daktari, mwezi uliopita ulikuja na sanduku hilihili."

"Lile lilikuwa lingine."

"Unatuficha? Kuku wanakufa huku!"

Mwendesha bodaboda akasimama, maana kuku mmoja alikuwa ameshapita chini ya gurudumu la mbele. Ikabidi nifungue. Wakasogeza vichwa. Ndani palikuwa na mduara mkubwa mweupe, waridi za krimu pembeni, na herufi mbili za majina ya wachumba zilizofungwa pamoja kwa dhahabu. Wakakaa kimya. Mama mmoja mtu mzima akashusha kuku wake chini polepole.

"Kumbe siku hizi wanafunga ndoa kwanza," akasema.

Nilifika koitoni nikiwa na tope hadi kifuani na manyoya matatu begani. Keki haikuwa na alama. Wakwe wakamshangilia Mama Watoto. Mimi nikaonyeshwa bomba.

Sasa niungame, maana mambo yameshajulikana. Kwa miaka yote hii, kila siku saa nne asubuhi, nimekuwa nikimwambia kijana wangu wa dukani kwamba nakwenda kuangalia ng'ombe. Nakwenda stendi. Kuna mama anayekaanga maandazi kwenye karai jeusi, shilingi kumi kila moja, la pembe tatu, gumu kidogo ukingoni, jororo ndani, halina krimu, halina unyoya, na mwenyewe haniulizi naonaje. Ananifungia mawili kwa karatasi, nakaa kwenye benchi na chai ya maziwa, nakula nikitazama matatu. Hiyo ndiyo furaha yangu. Mwanamume ana haki ya kula kitu kisichokuwa na maana.

Nilikamatwa kwa karatasi. Januari Mama Watoto alikuwa anafua, akatoa mfukoni mwa shati langu ukurasa uliolowa mafuta. Angeweza kuutupa. Lakini ulikuwa ukurasa wa daftari la Hesabu, na mwandiko ulikuwa wa binti yetu. Madaftari ya zamani tuliyouza kwa kilo yalikuwa yamefika stendi na kunirudia mimi, na makosa yake ya sehemu na desimali yamekolezwa wino mwekundu.

Aliuweka mezani mbele yangu, akaukunjua, akaulainisha kwa kiganja.

"Mangapi kwa siku?"

"Mawili."

"Tangu lini?"

Nikanyamaza. Akaunusa ukurasa, macho ameyafumba, kama Kogo.

"Hamira kidogo. Iliki hakuna. Mafuta yametumika mara nne."

Hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Siku tatu baadaye, nikifungua duka, nikaona ubao wake wa kuuzia vitamu pale nje una maandishi mapya. Januari ndio mwezi ambao Kenya nzima huuita Njaanuari: karo imelipwa, Krismasi imeliwa, mifuko imekauka. Ubao ulisema: MSIMU WA KARO. Chini yake, neno moja, MAANDAZI. Foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wangu, imefunika chumvi ya ng'ombe.

Nikapanga foleni kama watu wengine. Nilipofika mbele nikanyoosha mkono.

"Kumi na tano," akasema.

"Ya stendi ni kumi."

"Ya stendi hayana iliki."

Nikalipa. Mume wa nyumba, baba wa watoto wake, mwenye shamba la mahindi yaliyoibwa, nililipa shilingi kumi na tano. Nikauma. Lilikuwa la pembe tatu, gumu ukingoni, jororo ndani, na iliki ikaja nyuma taratibu kama mgeni mwenye adabu. Watu wote foleni walikuwa wananiangalia.

"Unaonaje?" Daftari jeusi limeshafunguliwa.

Nilikuwa na hasira ya ile tano. Nikatafuna, nikameza, nikajipangusa.

"Halina ladha ya karatasi," nikasema.

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akaandika, akapiga mstari chini yake.

Jana jioni nimemkuta jikoni, taa imewashwa, amekaa na daftari la zamani la Hesabu, anararua kurasa moja moja na kuzinusa.